Koken: Binti aliyetawala Japani mara mbili

Mwaka 738, katika mji wa Nara nchini Japani, lilifanyika jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla yake, na halijatokea tena hadi leo. Binti wa mfalme, mwenye umri wa miaka 20, alitangazwa rasmi kuwa mrithi wa kiti cha enzi.

Hakuwa mjane anayeshika nafasi kwa niaba ya mtoto mdogo, wala mke wa mfalme aliyeachiwa kazi. Alikuwa mrithi kamili, kama ambavyo angekuwa mtoto wa kiume. Jina lake la utotoni lilikuwa Abe. Historia inamkumbuka kwa majina mawili, Koken na Shotoku, kwa sababu alikalia kiti cha enzi mara mbili, na kila kipindi kina jina lake.

Alipofariki mwaka 770, ilipita miaka 859 kabla ya mwanamke mwingine kuwa mtawala wa Japani. Katika makala haya tunaeleza aliishi vipi, alitawala vipi, na kwa nini jina lake lilitumiwa baadaye kama hoja ya kuwazuia wanawake.

Wanawake kutawala halikuwa jambo geni

Kwanza tuelewe jambo moja. Mtawala wa Japani huitwa Tenno, na neno hilo halibagui mwanamume wala mwanamke. Mwanamke aliyekuwa Tenno hakuwa malkia kwa maana ya mke wa mfalme. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mfalme.

Kati ya mwaka 592 na mwaka 770, wanawake 6 walikalia kiti hicho, na wawili kati yao walikikalia mara mbili. Ukijumlisha miaka yao, utaona kwamba wanawake walitawala karibu nusu ya kipindi hicho chote. Wa kwanza alikuwa Suiko, aliyetawala miaka 36. Baadaye alikuja Jito, mtawala aliyekamilisha kazi ya kuipa nchi sheria zilizoandikwa. Mwaka 710 mtawala mwingine mwanamke, Genmei, aliuhamishia mji mkuu Nara, na binti yake Genshō akampokea kiti mwaka 715.

Lakini wengi wao waliingia kwa sababu maalumu. Mfalme amefariki, mtoto wa kiume bado mdogo, au ndugu wanagombana. Mwanamke akawekwa ili kutuliza mambo hadi mwanamume apatikane. Abe alikuwa tofauti, kwa kuwa alitayarishwa tangu akiwa kijana.

Mtoto wa msiba

Abe alizaliwa mwaka 718. Baba yake alikuwa Mfalme Shomu. Mama yake, Komyo, alitoka katika ukoo wa Fujiwara, ukoo wenye nguvu kuliko koo zote za maofisa wa serikali. Mama huyu anakumbukwa pia kwa kuanzisha mahali pa kugawa dawa kwa maskini.

Mwaka 727 Komyo alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo akatangazwa kuwa mrithi akiwa bado mchanga. Hakumaliza hata mwaka mmoja. Alifariki mwaka 728, na Komyo hakupata mtoto mwingine wa kiume.

Kisha likaja janga kubwa zaidi. Kati ya mwaka 735 na 737 ugonjwa wa ndui uliingia Japani na kuenea nchi nzima. Wanahistoria wanakadiria kwamba uliua kati ya robo na theluthi ya watu wote. Mashamba yalibaki bila wa kulima, na vijiji vingine vikabaki vitupu. Hata wakubwa hawakupona. Ndugu wanne wa Komyo, waliokuwa wakiongoza serikali, walifariki wote katika mwaka mmoja, 737.

Mwaka uliofuata ndipo Abe alipotangazwa kuwa mrithi. Mfalme alikuwa na mtoto mwingine wa kiume kwa mke mdogo, lakini Komyo na jamaa zake walitaka kiti kibaki kwa mtoto aliyetoka katika ukoo wao. Hivyo tangu siku ya kwanza, wapo waliomwona Abe kuwa mrithi wa kambi moja tu.

Alipewa mwalimu bora aliyepatikana. Mwalimu huyo, Kibi no Makibi, alikuwa ametumwa China akiwa kijana na kusoma huko kwa zaidi ya miaka 15. Alimfundisha Abe vitabu vya Kichina kuhusu utawala na maadili. Tutamkuta tena mbele, kwa sababu miaka mingi baadaye mwalimu huyu mzee alimwokoa mwanafunzi wake.

Sanamu kubwa na kiti cha kwanza

Mfalme Shomu aliamini kwamba dini ya Kibuddha, iliyokuwa imeingia Japani kupitia Korea na China, ingeweza kuikinga nchi dhidi ya magonjwa na njaa. Aliamuru kujengwa kwa sanamu kubwa ya Buddha mjini Nara, yenye urefu wa takriban mita 15, iliyotengenezwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Gharama yake ilikuwa kubwa mno. Wananchi walitoa kodi ya mpunga na nguo, pamoja na nguvu za mikono yao.

Mwaka 749 dhahabu iligunduliwa kaskazini mwa nchi, ikapatikana ya kuipaka sanamu hiyo. Mwaka huohuo Shomu aling'atuka, na binti yake akapanda kitini akiwa na miaka 31. Huo ndio utawala wake wa kwanza, akijulikana kwa jina la Koken.

Mwaka 752 sanamu ilizinduliwa. Mtawa aliyetoka India, Bodhisena, ndiye aliyechora macho ya sanamu mbele ya Koken, wazazi wake na maelfu ya watawa. Sanamu hiyo imeungua na kutengenezwa upya zaidi ya mara moja, lakini ipo Nara hadi leo.

Hata hivyo, katika miaka hiyo Koken alikuwa na cheo zaidi kuliko mamlaka. Mambo mengi yaliamuliwa na mama yake Komyo, akishirikiana na mpwa wake, Fujiwara no Nakamaro. Nakamaro alikuwa binamu wa Koken. Alikuwa msomi hodari, na mwaka 757 serikali yake ilipunguza kazi za lazima za wananchi kutoka siku 60 kwa mwaka hadi 30. Lakini alikuwa pia mtu asiyevumilia mpinzani. Mwaka huohuo njama ya kumwondoa iligunduliwa. Mamia ya watu waliadhibiwa, na baadhi ya wana wa ukoo wa kifalme walipigwa hadi kufa wakati wa kuhojiwa.

Mwaka 758 Koken aling'atuka akiwa na miaka 40. Kiti alipewa Junnin, kijana wa ukoo wa kifalme aliyekuwa akiishi katika nyumba ya Nakamaro na aliyeoa mjane wa mtoto wa Nakamaro. Mtu wa Nakamaro alikuwa mfalme, na wengi walidhani habari ya Koken imekwisha.

Ugonjwa na mtawa aliyeitwa Dokyo

Mama yake alifariki mwaka 760. Muda mfupi baadaye Koken mwenyewe aliugua. Mtawa mmoja wa Kibuddha, Dokyo, aliitwa kumwombea na kumhudumia, naye akapona. Dokyo hakutoka katika ukoo mkubwa. Alikuwa mtu wa familia ndogo ya mikoani aliyejipatia sifa kwa elimu ya dini.

Mfalme Junnin alimlaumu Koken kwa ukaribu wake na mtawa huyo. Koken alikasirika. Mwaka 762 alinyoa nywele akawa mtawa wa kike, na papo hapo akatoa tangazo lililowashangaza wote. Junnin angeshughulikia ibada na mambo madogo ya kila siku. Mambo makubwa ya nchi, pamoja na kutoa tuzo na adhabu, angeyaamua yeye mwenyewe.

Kwa lugha nyepesi, aliyedhaniwa kuwa mstaafu alirudi kazini. Safari hii hapakuwa na mama wa kumwamulia.

Vita vya kengele na muhuri

Mwezi wa tisa mwaka 764, Nakamaro alianza kukusanya askari kwa siri. Habari zikamfikia Koken, naye akachukua hatua kabla hajashambuliwa.

Hakutuma watu kwenye nyumba ya Nakamaro. Aliwatuma kwa Mfalme Junnin, wachukue vitu viwili: kengele na muhuri. Kwa nini vitu hivyo? Wakati ule amri za serikali zilipelekwa mikoani na wajumbe waliobadilisha farasi katika vituo vya njiani. Mjumbe asiye na kengele ya serikali hakupewa farasi. Barua isiyo na muhuri haikutiiwa. Kwa hiyo aliyeshika kengele na muhuri ndiye aliyeweza kuamrisha nchi nzima. Mwana wa Nakamaro alijaribu kuvinyang'anya njiani, akapigwa mshale na kufa.

Hapo ndipo Kibi no Makibi, mwalimu wa zamani, alipokabidhiwa kupanga mbinu za vita. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70. Nakamaro alikimbia kuelekea mashariki, lakini askari wa Koken walimtangulia na kuchoma daraja la Seta, njia kuu ya kuvukia. Akageuka kaskazini kwenda mkoa uliotawaliwa na mwanawe mwingine, kumbe mwana huyo alikuwa ameshauawa. Njia zote zikafungwa. Alikamatwa kando ya Ziwa Biwa na kuuawa pamoja na familia yake. Uasi ulikwisha katika siku chache.

Junnin aliondolewa kitini na kupelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Awaji. Mwaka uliofuata alijaribu kutoroka, akakamatwa, na akafariki huko. Koken akapanda tena kitini akiwa na miaka 46. Utawala huu wa pili ndio unaoitwa wa Shotoku.

Mambo aliyoyafanya

Waasi wengi walikuwa wamehukumiwa kifo. Mwanamke mmoja aliyemhudumia mtawala kwa karibu, mtawa Wake no Hiromushi, alimsihi awahurumie. Shotoku alikubali, na watu 375 wakapewa adhabu nyingine badala ya kuuawa. Hiromushi anakumbukwa pia kwa kuwachukua na kuwalea watoto 83 walioachwa bila wazazi kutokana na vita, njaa na magonjwa ya wakati huo.

Ili kuwaombea waliokufa katika uasi na kuiombea nchi amani, Shotoku aliamuru kutengenezwa minara midogo ya mbao milioni moja. Kila mnara una urefu wa takriban sentimita 20, na ndani yake kuna tundu lenye karatasi ya sala. Sala hizo hazikuandikwa kwa mkono. Zilichapwa. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 770, na minara ikagawiwa kwa mahekalu 10. Makumi ya maelfu bado yapo katika hekalu la Horyuji. Karatasi zake ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya kuchapwa duniani yaliyobaki hadi leo.

Kuhusu ardhi, mwaka 765 alipiga marufuku wakubwa kuendelea kufyeka mapori na kuyafanya mali yao. Tatizo lilikuwa kubwa. Matajiri walikuwa wakiwatumia wanakijiji kufungua mashamba mapya ambayo wanakijiji wenyewe hawakuyamiliki. Wakulima wa kawaida waliruhusiwa kuendelea kufungua vipande vidogo. Lakini sheria hiyo iliyaacha mahekalu huru kuendelea kujitwalia ardhi, na wengi waliona mkono wa Dokyo katika jambo hilo.

Na hapo ndipo lawama zilipoanza kukua. Dokyo alipandishwa cheo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 765 alipewa cheo cha juu kabisa cha uwaziri, na mwaka 766 akapewa cheo kipya ambacho hakuna mtawa aliyekuwa nacho kabla yake, kikimweka karibu sawa na mfalme katika mambo ya dini. Mwalimu Kibi no Makibi naye alipandishwa kuwa waziri mkubwa, ingawa hakutoka katika ukoo mkuu. Koo kubwa zilizozoea kugawana vyeo ziliona zinaachwa nje.

Ujumbe kutoka Usa

Mwaka 769 kulifika ujumbe kutoka Usa, katika kisiwa cha Kyushu, mahali anapoabudiwa mungu aitwaye Hachiman. Ujumbe ulidai kwamba mungu huyo amesema Dokyo akifanywa mfalme, nchi itapata amani.

Lilikuwa jambo zito. Ukoo wa kifalme wa Japani uliaminika kuwa umetokana na mungu wa jua, na hakuna mtu wa nje ya ukoo huo aliyewahi kukalia kiti. Lakini Shotoku hakuwa na mtoto, wala hakuwa na mrithi aliyemwamini.

Aliamua kuthibitisha. Alitaka kumtuma Hiromushi, lakini safari ilikuwa ndefu na Hiromushi hakuwa na nguvu za kuimudu, hivyo akaenda ndugu yake wa kiume, Wake no Kiyomaro. Kiyomaro alirudi na jibu kinyume. Mungu, alisema, anataka kiti kibaki kwa watu wa damu ya kifalme, na asiyestahili aondolewe.

Shotoku aliamini kwamba Kiyomaro ametunga maneno hayo. Alimpeleka uhamishoni kusini kabisa mwa nchi, na dada yake pia. Hata jina lake alilibadilisha. Kiyomaro ni jina lenye maana ya usafi, naye akaitwa kwa jina lenye maana ya uchafu.

Lakini tuangalie jambo ambalo husahauliwa. Baada ya hasira hiyo yote, Shotoku hakumpa Dokyo kiti. Alikuwa na mamlaka, askari, kengele na muhuri, lakini hakuchukua hatua hiyo. Katika mwaka uliobaki wa maisha yake, suala la mrithi lilibaki wazi.

Kifo na hukumu ya waliobaki

Mwaka 770 Shotoku aliugua, na akafariki akiwa na miaka 52. Mara moja mawaziri walikutana na kumchagua Konin, mzee wa zaidi ya miaka 60 kutoka tawi jingine la ukoo wa kifalme. Dokyo, aliyekuwa amebaki akiomba kando ya kaburi la mtawala wake, alipelekwa katika hekalu la mbali mashariki. Alifariki huko mwaka 772 na kuzikwa kama mtu wa kawaida. Kiyomaro na Hiromushi walirudishwa kwa heshima.

Mwaka huohuo wa 772 marufuku ya kufyeka mapori iliondolewa, na wakubwa wakaendelea kujitwalia ardhi. Mtoto wa Konin, Mfalme Kanmu, aliuhamisha mji mkuu kutoka Nara mwaka 784, na mwaka 794 akauweka mahali ambapo leo ni Kyoto.

Kitabu rasmi cha historia ya miaka hiyo kilikamilishwa mwaka 797, chini ya Kanmu huyohuyo. Waswahili husema msema pweke hashindwi. Waliosimulia habari za Shotoku walikuwa watumishi wa tawi lililopata kiti baada yake. Karne nyingi zilipopita, watunzi wa hadithi waliongeza chumvi, wakamfanya Shotoku kuwa mwanamke aliyepotoshwa na mapenzi ya mtawa. Uasi aliouzima katika siku chache na minara yake milioni moja vikafunikwa na porojo.

Mwanamke aliyefuata kuwa Tenno alikuwa Meisho, mwaka 1629, akiwa mtoto mdogo. Wa mwisho alikuwa Go-Sakuramachi, aliyepanda kitini mwaka 1762. Mwaka 1889 Japani ilitunga sheria inayosema wazi kwamba ni wanaume pekee wanaoweza kurithi kiti, na sheria mpya ya mwaka 1947 ikaendeleza sharti hilo.

Suala ambalo bado halijafungwa

Leo Mfalme Naruhito wa Japani ana mtoto mmoja tu, binti yake Aiko, aliyezaliwa mwaka 2001. Kwa sheria iliyopo, Aiko hawezi kurithi kiti cha baba yake. Anayefuata ni baba yake mdogo, na baada ya huyo ni binamu yake wa kiume aliyezaliwa mwaka 2006. Wajapani wamejadili suala hili kwa miaka mingi.

Katika mijadala hiyo, jina la Shotoku bado hutajwa. Wapo wanaosema habari yake inaonyesha hatari ya mwanamke kutawala. Lakini wafalme wanaume nao walikuwa na vipenzi wao, walipigana na ndugu zao, na baadhi waliacha nchi bila mrithi. Hakuna aliyesema kwamba kwa sababu ya makosa yao wanaume wasitawale tena.

Shotoku alifanya mema na alifanya makosa, kama watawala wengine. Tofauti ni kwamba makosa yake yalihesabiwa kuwa ya wanawake wote, na deni hilo walilipishwa mabinti waliozaliwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya kifo chake.